Papa bado anaendesha gari: tutajua namna gani kama wakati wa kuacha volani umefika?

Ni jioni mu muji wa Bukavu, mvua imetoka kunyesha. Kule Nyawera pikipiki zinatokea kila upande, na taa za magari zinang'aa juu ya barabara yenye maji. Papa moja wa miaka 67, shofere wa taksi tangu ujana wake, anataka kukata kushoto. Anaangalia, anaona njia iko wazi, anaingia. Hakuona pikipiki yenye ilikuwa inakuja mbele yake. Motari anapiga freni kwa nguvu, pikipiki inateleza, anaanguka pembeni. Kwa bahati anaamuka muzima, na matusi juu.

Papa anafika nyumbani na kasirani. Anasema: "Hawa watoto wa moto hawana adabu hata kidogo." Lakini binti yake alikuwa amekaa ndani ya gari, na yeye aliiona ile pikipiki kutoka mbali. Usiku ule hakusema kitu. Tangu siku ile, kila papa akichelewa kurudi, usingizi haumukamati.

Mufano huu hauko wa familia moja tu. Mu Bukavu, Goma, Butembo, Beni, Bunia, Uvira, Kalemie na Kindu kuna nyumba nyingi zenye kuwa na muzee anayeendesha: wa taksi, wa Fuso, wa gari ya paroasi, wa jeep yake mwenyewe ya kwenda shambani. Na kuna watoto wenye kuogopa kumuambia neno. Katika maelezo haya tutaona nini inabadilika mu mwili wa dereva akizeeka, alama gani za kuangalia, namna ya kuongea naye bila kumuvunjia heshima, na namna ya kupanga maisha kisha volani.

Umri peke yake haiko kosa

Tuanze na neno la haki. Hakuna siku moja ambayo mutu analala akiwa dereva muzuri na kuamuka akiwa dereva mubaya. Kuna wazee wa miaka 75 wenye kuendesha vizuri kupita vijana wa miaka 25. Muzee mara nyingi hakimbizi gari, hashindani na mutu, hapandi mu volani akiwa amelewa. Anajua shimo moja moja ya barabara. Ujuzi ule hauuzwi mu soko.

Kwa hiyo swali haiko "Papa ana miaka ngapi?" Swali ni "Papa anaona namna gani, anasikia namna gani, anageuka namna gani, na anaamua haraka kiasi gani?" Kuna mutu ambaye hayo yote yanabaki sawa mpaka uzee mukubwa. Kuna mwingine ambaye ugonjwa unamubadilisha akiwa na miaka 55. Permi ya kuendesha yenye iko mu mufuko haijui yenye ilifika ku jicho tangu siku walipoitoa.

Macho: shida inaanza usiku

Karibu kila mutu, kisha miaka 40, anaanza kusukuma simu mbali ndipo aweze kusoma. Ile ni ya kawaida, na luneti za kusomea zinasaidia. Hailetei dereva hatari kubwa, kwa sababu barabara iko mbali na macho. Hatari inatoka kwa mambo mengine.

Kwanza, kadiri mutu anazeeka, mboni ya jicho haifunguki tena sana katika giza. Mwangaza kidogo tu ndio unaingia. Fasi ambapo kijana anaona mutu aliyevaa nguo nyeusi pembeni ya barabara, muzee anaweza kuona giza tupu. Tena, gari ikimupiga mataa usoni, jicho la muzee linachukua muda murefu zaidi kurudia hali yake. Kwa muda ule anaendesha bila kuona. Mu miji yetu, ambapo umeme unakatika na watu wanatembea kwa miguu pembeni ya barabara, ile haiko kitu kidogo.

Pili, kuna mutoto wa jicho, ule wanganga wanaita katarakte. Ni kioo cha ndani ya jicho kinachokuwa na ukungu pole pole. Mugonjwa anaona kama vile kuna moshi, rangi zinafifia, taa za usiku zinatawanyika na kuwa na duara. Habari njema ni kwamba mutoto wa jicho unapasuliwa. Ni operesheni fupi, wanatia ganzi ku jicho tu, na watu wengi wanarudia kuona vizuri. Kuna mashofere walioacha kazi kwa kufikiri macho imekufa, kumbe ilikuwa mutoto wa jicho.

Tatu, kuna glokoma. Hii ni yenye ujanja. Kwa watu wengi pressio inapanda ndani ya jicho na kuharibu mushipa unaopeleka picha ku bongo. Mara nyingi haiumi. Inaanza kwa kula macho ya pembeni, na katikati inabaki safi kwa muda murefu. Mutu anaweza kusoma namba ya gari iko mbele yake, lakini pikipiki inayotoka pembeni haioni. Kile glokoma imekwisha kula hakirudi, lakini matone ya kila siku yanaweza kuzuia isiendelee. Watu weusi wanapatwa nayo zaidi, na inatembea mu familia. Kama kaka, dada, baba ao mama wa papa alipofuka, papa apimwe, hata kama anasema anaona muzuri.

Shingo, miguu, masikio na bongo

Kuendesha si macho tu. Ili ukate kushoto ao urudi nyuma, lazima ugeuze shingo. Muzee mwenye shingo ngumu anaangalia retro tu, na retro haionyeshi vyote. Mwenye magoti ya kuuma anachelewa kutoa muguu ku gaz na kuupeleka ku freni. Mwenye sukari ya siku nyingi anaweza kupoteza hisia mu nyayo, asijue vizuri kama anakanyaga freni ao gaz. Mwenye masikio mazito hasikii klaksoni ya Fuso inayoshuka nyuma yake.

Bongo nayo inapunguza mwendo. Haina maana kwamba muzee amekuwa mujinga. Maana yake ni kwamba mambo mengi yakija mara moja, kuyapanga inachukua muda kidogo zaidi. Tufanye hesabu. Gari inayotembea kilometa 40 kwa saa inapita metre 11 kila seconde. Kwa kilometa 60 inapita karibu metre 17. Dereva akichelewa seconde moja tu kuamua, gari imekwisha kupita urefu wa nyumba nzima kabla hajagusa freni.

Ndiyo sababu, popote duniani, madereva wazee wanapata shida zaidi ku makutano ya barabara, zaidi sana wakikata kushoto mbele ya magari yanayokuja, kwa inchi zenye kutembelea upande wa kuume kama yetu. Pale inaomba uangalie pande tatu, upime mwendo wa wengine, uamue, na ukanyage, vyote mara moja.

Barabara zetu zinaongeza uzito

Kuna mambo ya huku kwetu yanayofanya kazi ya dereva muzee kuwa ngumu kupita fasi zingine.

Magari mengi ya mashariki yanatoka Japani, na volani iko ku mukono wa kuume. Lakini barabara yetu nayo inatembelewa ku mukono wa kuume. Maana yake, dereva amekaa upande wa mufereji. Akitaka kupita kamio, haoni kitu mbele mpaka atoe gari karibu nzima mu njia ya wengine. Kijana anajivuta, anageuka, anarudi haraka. Muzee mwenye shingo ngumu anamutegemea konvayeri wake amuambie "pita" ao "ngoja". Siku konvayeri hayuko, ao ni mutoto asiyejua kupima mwendo, hatari inapanda.

Wafanya biashara wa Butembo na Beni wenye kuvuka Kasindi kuingia Uganda wanajua kitu kingine: ukifika ngambo ya mupaka unahama upande, unatembea kushoto. Ni vilevile ukipitia Bunagana, Mahagi ao Aru. Bongo ya dereva muchanga inabadilika kwa dakika chache. Bongo yenye kuchoka inaweza kujisahau, zaidi sana asubui wakati barabara iko tupu na hakuna gari ya kukukumbusha. Kuingia Rwanda na Burundi hakuna mabadiliko ile, wanatembea kuume kama sisi.

Tena kuna milima. Mwenye kushuka Ngomo kuelekea Kamanyola ao mwenye kupita barabara ya udongo wakati wa mvua anajua kwamba pale hakuna nafasi ya kukosa mara mbili.

Na wale wanaoumia si dereva peke yake. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema ajali za barabarani zinaua karibu watu milioni 1,19 kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni wenye kutembea kwa miguu, wenye kinga na wenye pikipiki. Ni kusema motari, mama mwenye kubeba mihogo, mutoto anayetoka masomo.

Sukari, tension na vidonge

Wazee wengi wanameza dawa. Inafaa kujua zile zinazogusana na volani.

Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia insuline ao vidonge kama glibenclamide anaweza kushuka sukari ghafula kama hakukula. Anatoa jasho, anatetemeka, akili inavurugika. Shofere wa taksi anayeanza saa kumi na moja za asubui bila kukula, na kungojea mpaka saa nane apate ugali, iko katika hatari kamili. Ale kabla ya kuondoka. Awe na kitu cha sukari ndani ya gari. Akisikia dalili, asimame pembeni, akule, asirudie volani mpaka akili imetulia kabisa, si chini ya dakika 45.

Vidonge vya tension vinaweza kuleta kizunguzungu siku za kwanza ao munganga akipandisha kipimo. Siku zile papa apumuzike. Na aliyepata kiharusi, hata kile kidogo kilichopita kwa siku moja, asishike gari mpaka munganga amukubalie.

Kisha kuna dawa zinazoleta usingizi, na mu farmasi zetu zinauzwa bila karatasi ya munganga: chlorphéniramine ya mafua, prométhazine, diazépam, amitriptyline, na tramadol ya maumivu. Kijana akimeza anasinzia kidogo. Mwili wa muzee unachelewa kuzitoa, na usingizi ule unaweza kudumu mpaka kesho yake. Ukinunua dawa ya papa, uliza swali moja: "Hii dawa inaleta usingizi?" Na chupa moja ya pombe juu ya dawa hizi inazidisha mara nyingi.

Alama za kuangalia

Ajali kubwa mara nyingi inatanguliwa na vitu vidogo. Panda pamoja na papa kwa juma moja ao mawili, kaa kimya, angalia. Alama hizi ndizo za kuandika mu kichwa:

- Mikwaruzo mipya ku pembe za gari, ku retro ao ku mulango wa parsele, na papa hajui ilitoka wapi.
- Anapita taa nyekundu, ao hamuoni polisi wa barabarani mpaka filimbi ilie.
- Wengine wanamupigia klaksoni mara kwa mara, na yeye anashangaa kwa nini.
- Anasogea katikati ya barabara, ao anakwenda pole pole sana bila sababu.
- Anapiga freni mu dakika ya mwisho, na weye uliyekaa kando unakanyaga chini na muguu bila kujua.
- Amekataa mwenyewe kuendesha usiku, ao anatafuta sababu ya kurudi mapema.
- Anapotea njia mu kartie aliyoijua miaka yote.
- Anakanyaga gaz akitaka freni, hata mara moja tu.
- Wajukuu, ao abonne wake wa siku nyingi, wanakataa kupanda naye.

Alama moja ndogo ndogo haitoshi kumukata mutu kazi. Tatu ao nne pamoja zinaomba mazungumzo. Lakini kupotea njia anayoijua, kuchanganya freni na gaz, ao kuzimia mu volani, hata mara moja, papa asimame kuendesha leo, apimwe kwanza.

Kuna kipimo chepesi munaweza kufanya ku parsele. Wekeni gari, hesabuni metre 20, ni kama hatua 25 ndefu za mutu muzima. Muchana kweupe, papa asome namba ya plaki, na luneti zake kama anazo. Ni kipimo ambacho Uingereza inakitumia kwa kila dereva. Akishindwa, aende kwa munganga wa macho kabla ya kurudia barabara. Akiweza, ni muzuri, lakini haimalizi kazi, maana kipimo hiki hakionyeshi macho ya pembeni wala ya usiku.

Kuongea na papa bila vita

Hapa ndipo familia nyingi zinaangukia. Wengine wananyamaza mpaka siku ya kilio. Wengine wanaficha ufunguo, na papa anajisikia kama mutoto mu nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kwa muzee, gari haiko chuma tu. Ni kazi, ni jina, ni masomo ya watoto aliyoyalipa. Kumuambia "acha" ni kama kumuambia "umekwisha".

Kwa hiyo angalieni nani anaongea, lini, na mbele ya nani. Musiongee siku ile ile ya ajali, damu ingali moto. Musiongee mbele ya wajukuu ao wageni. Mutu moja tu aanze: mutoto mukubwa, mama wa nyumba, ndugu yake papa, ao rafiki wa umri wake aliyeacha volani na bado anaheshimiwa. Musije watoto sita na kumuzunguka kama tribinali. Na musianze na umri. Anzeni na kitu muliona kwa macho.

Mazungumzo yanaweza kutembea hivi:

"Papa, samahani. Nilitaka tuongee kidogo juu ya ile jioni ya Nyawera."

"Ile ya yule motari? Alikuwa anakimbia."

"Pengine alikuwa anakimbia, papa. Lakini miye nilimuona tangu mbali. Weye ulimuona saa ngapi?"

Papa ananyamaza. Kisha: "Mataa yake ilinipiga mu macho."

"Ndiyo yenye inaniogopesha. Hatukukuja kukunyanganya volani. Tunaomba tu twende pamoja kwa munganga wa macho. Akisema macho iko sawa, miye nitanyamaza."

"Na akisema haiko sawa?"

"Tutatafuta matunzo. Na kama haiwezekane, weye ndiye utaamua nani atashika gari, na kwa masharti gani. Gari ni yako, papa."

Mutoto hakusema "umezeeka". Ameuliza swali, akaacha papa ajibu mwenyewe. Ameleta munganga katikati, kwa sababu neno la munganga linapokelewa pale neno la mutoto linakataliwa. Na ameacha uamuzi mu mikono ya papa. Pengine siku ya kwanza papa atakasirika na kutoka. Ni kawaida. Murudilie kisha juma moja, bila kelele.

Kuacha pole pole

Isipokuwa kwa zile hatari kubwa tulizotaja, kuacha volani haiko lazima kufanyika siku moja. Inaweza kuwa ngazi.

Ngazi ya kwanza, papa anaacha usiku na saa ya mvua. Anaanza kazi asubui kukiwa kweupe, anaingiza gari kabla jua kuzama. Ngazi ya pili, anaacha safari ndefu: hapana tena Bukavu–Uvira, hapana tena Butembo–Kasindi, anabaki mu njia anazojua. Anaacha pia saa za msongamano, asubui wakati wa masomo na jioni wakati wa soko. Ngazi ya tatu, habebi tena abiria wala watoto wa wengine, na anaendesha tu na mutu muzima kando yake. Ngazi ya ine, anaacha.

Kwa kila ngazi, pangeni tarehe ya kuangalia tena, kwa mufano kila miezi 6. Hivi papa anajua kwamba hakuna mutu aliyemutega.

Kwa pikipiki, ngazi ni fupi zaidi. Motari akizeeka, mwili wake ndio bampa. Mifupa ya muzee inavunjika upesi na inachelewa kuungana. Anayesikia magoti yanatetemeka akisimamisha pikipiki yenye abiria, wakati umefika.

Japani, kule magari yetu mengi yanatoka, waliona kwamba watu hawapendi kunyanganywa permi, lakini wanaweza kuirudisha wenyewe. Tangu 1998 dereva muzee anaweza kurudisha permi kwa hiari, na akiomba anapewa kikaratasi kinachoshuhudia kwamba aliendesha gari. Katika miji mingi kikaratasi kile kinamusaidia kulipa basi bei ndogo. Si lazima tungojee serikali ndipo tuige heshima ile. Familia inaweza kukaa, kupika, kuita marafiki wa parkingi, na kumushukuru papa kwa miaka yote aliyoleta watu nyumbani wakiwa wazima.

Na pesa itatoka wapi?

Hili ndilo swali lenyewe. Wazee wengi hawakatai kuacha juu ya kiburi. Wanakatai juu ya njaa. CNSS inalipa pansio kwa wale patron wao alikuwa anawaandikisha na kulipa michango. Lakini shofere wa taksi aliyetembea kwa versement, akimupa patron pesa kila jioni na kubaki na kile kidogo, mara nyingi hana kitu kimoja mu CNSS. Kumuambia aache bila kupanga chakula ni kumurudisha barabarani usiku.

Kama gari ni ya papa, isilale. Atafute kijana mwenye permi, amufundishe mwenyewe kwa majuma machache akiwa amekaa kando, kisha kijana amuletee versement. Waandike makubaliano: pesa ngapi kwa siku, nani analipa pneu, nani analipa freni, nani analipa asiranse, gari inalala wapi. Papa anabaki mwenye gari. Ao wauze gari ingali na bei, kabla ajali haijaigeuza chuma, na pesa iingie mu biashara ndogo ambayo mama anaijua.

Kama gari ni ya patron, papa aanze kujipanga miaka michache mbele: likelemba ao AVEC ya kartie, shamba, nyama ndogo ndogo. Na patron naye ana deni ya moyo. Mutu aliyemutumikia miaka 20 anajua magari, anajua mashofere, anajua njia. Anaweza kusimamia parkingi, kupima mashofere wapya, kuangalia magari kabla hayajatoka asubui. Chama cha mashofere, ACCO, na vyama vya motari vinaweza kufanya vilevile: kuweka wazee kuwa wafundishaji wa vijana, na kuomba wanachama wote wa miaka 50 na zaidi wapimwe macho mara moja kwa mwaka.

Tena musisahau mwendo wa papa mwenyewe. Aliyekuwa anatembeza wengine asifungiwe nyumbani. Pangeni nani anamupeleka kanisani ao ku musikiti, nani anamupeleka lopitali, motari gani wa kuaminiwa anamuchukua. Muzee aliyeacha gari na kubaki peke yake mu kiti anaweza kuzeeka haraka kupita yule mwenye kuendesha.

Kama weye ndiye muzee

Musomaji wetu mwenye mvi, tunamaliza na weye. Usingoje watoto waanze. Kesho asubui, kabla ya kuwasha gari, jiulize maswali matatu. Mwaka huu nilipimwa macho? Usiku ninaendesha kwa kuona, ao kwa kubahatisha? Mujukuu wangu akikaa nyuma, moyo wangu unatulia?

Kama jibu moja linakusumbua, anza na munganga wa macho. Pengine ni luneti tu. Pengine ni mutoto wa jicho unaopasuliwa. Pengine ni kusema usiku basi, na muchana bado. Na kama ni kuacha kabisa, ni heri uache weye mwenyewe, siku uliyoichagua, ufunguo ukiuweka mu mukono wa mutu uliyemufundisha.

Yule papa wa Nyawera angali na nafasi ile. Motari aliamuka.